Bahari Iliyo Nje ya Dirisha

*Watoto wa Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma huwajua viumbe wa pwani yao kabla hawajajua kusoma. Walimu, wazazi na wahifadhi hawajapatana bado juu ya lile ambalo somo la sayansi litawafanyia watoto hao.*

Zinapofika siku za bamvu, mwezi ukiwa umeandama au umetimia, maji ya Msimbati hutoka yakaenda mbali, na itimiapo saa nne ya asubuhi miamba iliyokuwa chini ya kina hubaki wazi juani, ikajaa wanawake waliofunga kanga viunoni na kushika vijiti vya kuchokolea pweza, na nyuma yao watoto wenye ndoo, wakiokota chaza na tondo, wakikanyaga kwa hadhari kwa sababu ya yule kiumbe wa miiba myeusi ambaye mwiba wake ukiingia unyayoni hukatika humo humo.

Mtoto wa miaka minane katika msafara ule anajua kwamba pweza huzungushia mlango wa pango lake magamba ya chaza na kaa aliowala, kwamba tundu lenye magamba mapya lina mwenyewe ndani, na kwamba tundu lililoota mwani mlangoni limehamwa. Hapana mtu aliyemkalisha chini akamfundisha; maarifa hayo ameyapata kwa kufuata nyayo za mama yake na bibi yake.

Saa iyo hiyo, mwendo mfupi kutoka ufukweni, ubaoni umechorwa mnyororo wa chakula ule uliozoeleka: nyasi, kisha mshale, kisha swala, kisha mshale, kisha simba. Wanafunzi wananakili madaftarini. Mchoro ni sahihi, wala hauna kosa hata moja, ila haumwulizi mtoto hata jambo moja analolijua. Aghalabu hajapata kumwona simba akila swala, ilhali furukombe akiruka na samaki kuchani amemwona mara nyingi hata hashangai tena.

Ni haki kuongeza kwamba wanyama wakubwa si wageni kabisa katika mkoa wa Mtwara, maana lipo Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule huko Nanyumbu, kando ya Ruvuma hiyo hiyo; lakini kwa mtoto wa pwani Nanyumbu ni safari ya kutwa, na mikoko iko nyuma ya choo cha shule.

> Mchoro ni sahihi, ila haumwulizi mtoto hata jambo moja analolijua.

Mkondo unapogonga bara

Msomaji asiyepata kufika kusini huenda asijue utajiri unaosemwa hapa. Mkondo mkuu wa bahari uvukao Bahari ya Hindi kutoka mashariki hugonga bara la Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo tu ya mdomo wa Ruvuma, ukagawanyika, sehemu moja ikashuka kuelekea Msumbiji na nyingine ikapanda kuelekea Mafia, Unguja na Mombasa, ikichukua mbegu za matumbawe na vijisamaki vichanga. Kwa sababu hiyo yaliyomo katika Ghuba ya Mnazi hayawahusu watu wa Mtwara peke yao. Kizazi kinachoanzia huku huweza kwenda kukulia kaskazini.

Wataalamu wamehesabu humo zaidi ya aina 250 za matumbawe. Mtoni wamo viboko na mamba, kwenye fukwe hupanda kasa kutaga, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi watokao bahari ya baridi ya kusini hupita wakizaa na kunyonyesha, hata mvuvi aliye ndani ya ngalawa huwasikia wakipumua kabla hajawaona.

Mwaka 2000 Serikali, kwa nguvu ya Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, iliitangaza sehemu hiyo kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ya pili nchini baada ya ile ya Mafia ya mwaka 1995. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 650, za maji na za nchi kavu, na ndani yake vimo vijiji na misikiti na shule, minazi na mikorosho, pamoja na visima vya gesi asilia. Hifadhi hii haikuwahamisha watu. Iliwakuta, ikakaa juu yao, na tangu siku ile mtoto azaliwaye Msimbati huzaliwa hifadhini.

Ahadi zilizokwisha kutolewa

Rai ya kulifungamanisha darasa na mazingira yake si ya leo. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ilishauri elimu ya Mwafrika ifuate ardhi na maisha yake, na wengi waliituhumu kwamba ilikusudia kumweka Mwafrika kwenye jembe milele. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa ametamka huko Arusha mwaka 1961 kwamba viumbe wa porini ni dhamana iliyo mikononi mwa taifa, aliitoa mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule iwe jumuiya yenye shamba na karakana. Mwaka 1980 vikaanzishwa vilabu vya Malihai, vyenye makao makuu Arusha, na mwaka 1991 wanafunzi waliokutana nyumbani kwa Jane Goodall jijini Dar es Salaam wakaanzisha Roots & Shoots, ambayo leo imeenea ulimwenguni.

Yote hayo yalikuwa na kheri yake. Lakini Malihai ilizaliwa kaskazini, kwenye twiga na nyumbu, na klabu, kwa tabia yake, ni jambo la baada ya vipindi, la mwalimu mwenye moyo. Akihamishwa, klabu hufa, na miche ya kitaluni hukauka likizo ya Juni.

Wapo wasemao kwamba elimu ya mazingira ni anasa ya mataifa yaliyokwisha kushiba. Mtwara ungepaswa kuwa mji wa mwisho kuyakubali maneno hayo, kwa kuwa bandari yake yenye kina ilijengwa kwa ajili ya Mradi wa Karanga, ule ambao Uingereza iliuanza mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951 baada ya kumwaga mamilioni ya pauni, waliousimamia wakiwa wameleta matrekta kabla hawajaujua udongo wala hawajapima mvua. Reli iliyotoka bandarini kwenda Nachingwea iling'olewa baadaye. Sijaona mfano ulio karibu zaidi wa hasara ya kutojua ikolojia, nao ungefaa kufundishwa katika kila darasa la mkoa huu.

Hoja ya mtihani

Upande wa kwanza wa mjadala ni wa walimu, nao una haki ya kusikilizwa kwa makini kuliko unavyosikilizwa. Mwalimu wa baolojia ana azimio la kazi la kukamilisha, darasa la wanafunzi wengi kupita kiasi, na mtihani wa Taifa ambao hautamwuliza mwanafunzi wa Mtwara juu ya pweza, kwa kuwa ni mtihani mmoja kwa Mtwara na Kagera. Shule hupimwa kwa matokeo yake. Mwalimu anayewapeleka watoto mikokoni saa mbili nzima anajua kwamba mwenzake wa shule ya jirani amezitumia saa hizo kutatua maswali ya miaka iliyopita.

Fauka ya hayo kuna suala la lugha. Mtoto hufundishwa sayansi kwa Kiswahili mpaka mwisho wa shule ya msingi, kisha aingiapo Kidato cha Kwanza katika shule ya Serikali hulikuta jambo lile lile limevaa Kiingereza, na nguvu zake nyingi humalizikia kwenye kukariri maneno. Tena walimu wengi ni watu wa bara waliopangiwa kituo, wasiojua kuogelea, na kumtaka mtu kama huyo awachukue watoto hamsini mpaka ukingoni mwa kina ni kumtwika dhamana ambayo hata mzazi angeiogopa.

Wanaopinga hujibu kwamba mtihani hauulizi pweza, lakini unauliza mnyororo wa chakula, makundi ya viumbe, mabadilishano kati ya kiumbe na mazingira yake. Na anayeyajua hayo kwa kiumbe aliyemshika hujibu vizuri zaidi hata akiulizwa kwa simba. Muhtasari wa miaka mingi wa Kidato cha Pili ulikuwa na mada ya uwiano wa asili, ambayo ingeweza kufundishwa yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa samaki wa aina moja tu, kikande. Huyu hula wale viumbe wa miiba myeusi. Akivuliwa wote, wao huzidi, nao huutafuna mwamba mpaka ukawa kifusi. Utafiti uliofanyika kwenye miamba ya Kenya umelidhihirisha jambo hili kwa hesabu, na mchokoa pweza wa Msimbati anaweza kulisadiki kwa unyayo wake.

Naiafiki hoja hii ya pili, ila si kwa kuwabeza walimu. Tatizo la hatari lina dawa nyepesi: bamvu, ambalo katika pwani yetu huyatoa maji yote takriban saa nne na saa tano za asubuhi, huangukia saa za vipindi, na jedwali la bandari huonyesha siku zake mapema. Mkuu wa shule akiweka vipindi viwili mfululizo vya sayansi katika siku hizo, watoto watatembea mahali pakavu, pamoja na mama zao ambao tayari wapo huko. Tena si ajabu kwamba mahudhurio hupungua bamvu linapokuwa kubwa. Shule ingewafuata watoto waliko badala ya kuwaandika watoro.

Jani la mchu

Hebu tulitazame somo moja kwa karibu, ili isidhaniwe kwamba yanahitajika mashua na miwani ya kuzamia.

Mwalimu achume jani la mchu asubuhi ya jua, siku isiyo na mvua, ampe mwanafunzi alilambe. Ni chumvi. Akiligeuza na kulitazama vizuri ataziona chembe zenyewe, ndogo, nyeupe, zimeganda juani. Kisha amwambie alambe jani la mkoko, ulioota hatua kumi tu kutoka hapo, kwenye tope lile lile na maji yale yale. Halina chembe yoyote. Swali limekwisha kujiuliza lenyewe: miti miwili inywayo bahari moja, mmoja unatoa chumvi majanini, mwingine je?

Jibu, kwamba mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isipande kabisa, ilhali mchu huipokea kisha huitoa kwa vitundu maalumu vya majani, linaweza kuja kesho au keshokutwa. Kabla ya jibu, wanafunzi waoshe majani matano, wayatie alama kwa uzi, wayaache mengine matano bila kuoshwa, warudi siku ya pili walinganishe. Hapo wamefanya jaribio lenye kilinganishi, na gharama yake ni uzi.

Na wakiwa hapo hapo wanyooshe kamba kutoka majini kwenda nchi kavu, waandike mti baada ya mti: mlilana mbele unaopigwa na mawimbi, mkoko nyuma yake na mbegu zake zilizokwisha kuchipua zikiwa bado mtini, kisha mkandaa, kisha mchu tena karibu na majaruba ya chumvi. Kwa nini kila mmoja una mahali pake? Mzee mkata boriti anayo sababu yake, na kitabu kina yake, na mara nyingi zinapatana.

> Hapo wamefanya jaribio lenye kilinganishi, na gharama yake ni uzi.

Mtoto asifanywe mpelelezi

Upande wa wahifadhi nao una haja yake, nayo ni ya haraka. Kwa miongo mingi pwani ya kusini ilipigwa baruti. Bomu moja huua kila kilichomo, kikubwa na kichanga, na kuuvunja mwamba uliochukua umri wa mtu kuota. Katika miaka ya 1990 wavuvi wenyewe wa Mtwara na Lindi, wakisaidiwa na mradi wa RIPS uliogharimiwa na Finland, waliunda Shirikisho lao la kupinga uharibifu huo, wakasimama mbele ya wapiga baruti waliokuwa na fedha na pengine na marafiki serikalini. Msako mkali wa miaka ya karibuni umepunguza sana milio hiyo.

Ni jambo la kueleweka, basi, kwamba ofisa wa hifadhi akialikwa shuleni huja na orodha: baruti haramu, juya haramu, mayai ya kasa haramu, boriti bila kibali haramu. Watoto huitikia kwa sauti moja. Walakini wengi wao ni watoto wa watu wanaovuta juya, na sare zao zimetoka katika juya hilo.

Hapa ndipo penye kisa kizito ambacho wazazi hukinong'ona na wakubwa hawapendi kukisikia. Mtoto akifundishwa kwamba kazi ya baba yake ni jinai, na kisha akaulizwa, hata kwa utani, ni nani kijijini mwenye nyavu za macho madogo, darasa limegeuka kituo cha polisi. Mzazi ataliona hilo mara moja, naye hatamkataza mtoto kwenda shule. Atamkataza kusema nyumbani kwao kuna nini, na mtoto atajifunza kwamba maneno ya shuleni na maisha ya nyumbani hayakutani.

Amri si elimu. Mtoto aliyeambiwa usile mayai ya kasa amepewa amri. Lakini mtoto aliyefukia kipimajoto mchangani kwa kina cha kiota, akaandika nyuzi kila siku kwa muda wa miezi miwili hivi ambao mayai hukaa, kisha akafahamishwa kwamba mchanga wa nyuzi zaidi ya 29 hivi hutoa makinda majike zaidi na ulio baridi zaidi hutoa madume, huyo ameanza kujiuliza ulimwengu ukizidi joto madume watatoka wapi. Amri ya mayai ataielewa mwenyewe, wala haitamhitaji askari.

Visima ndani ya hifadhi

Iko mada moja ambayo kila upande huikwepa. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 Mtwara ulitikiswa na ghasia kwa sababu ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Na mwaka 2015 bomba hilo, la zaidi ya kilomita 500, pamoja na mtambo wa kusafishia wa Madimba, vilizinduliwa. Visima vimo ndani ya mipaka ya hifadhi ile ile ambamo mwanamke huhitaji kibali kukata nguzo ya banda la kuku.

Mwanafunzi huyaona yote mawili akienda shule. Somo la ikolojia litakalomweleza madhara ya juya na kunyamaza juu ya kisima halitamdanganya. Litamfundisha tu kwamba sayansi ni ya kuwaonya maskini. Simaanishi kwamba gesi ni mbaya, kwa maana kila jiko la gesi linalochukua nafasi ya jiko la mkaa huokoa miti kadha wa kadha, na hilo nalo lihesabiwe ubaoni. Namaanisha lihesabiwe, na kisima kihesabiwe, kwa mizani moja.

Waliokwisha kuanza

Unguja ipo mifano. Kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake ilitengwa kisheria mwaka 1994, kimekuwa kwa miaka mingi kikichukua wanafunzi wa skuli za Zanzibar bila malipo, gharama zikilipwa na mapato ya wageni, na watoto, wakiwemo wasichana ambao hawakupata kuingia majini kupita magoti, huvalishwa maboya na miwani wakaelea juu ya matumbawe. Mitaala ya wakati ule ilikuwa haisemi karibu lolote juu ya mwamba wa bahari, visiwani!

Kenya, katika ghuba ya Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 huuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko, na sehemu ya fedha hizo hununua vitabu vya shule na kuvuta maji ya bomba. Mtoto wa Gazi akiambiwa kwamba mti huvuta kaboni anajua bei yake.

Msimbati haina wageni wa kutosha kulipia mashua, na mauzo ya kaboni yana mitego yake. Lakini mtaala mpya, uliotolewa mwaka 2023 na kuanza kutumika Januari 2024, umeingiza Jiografia na Mazingira katika shule za msingi na kusisitiza umahiri badala ya kukariri, na mwalimu atakaye kuutumia kama kibali cha kutoka nje ya darasa ameupata.

Anachokikosa ni mtu wa kumwonyesha. Mafunzo kazini ni machache, na aghalabu hufanyika ukumbini, kwa makaratasi. Walakini mji wa Mtwara una vyuo vya ualimu, na kila mwaka vijana kutoka Singida, Kigoma na Songea huja humo wakasoma mbinu za kufundisha sayansi, wakafanya mazoezi yao ya kufundisha, wakahitimu, wengine wao wakapangiwa pwani pasipo hata mmoja kuwaonyesha mchu ni upi. Kutoka mjini mpaka mikoko ya Mikindani ni kilomita kumi hivi. Barabara ni ya lami, na daladala hupita mchana kutwa.